Fungate Iliyotoka Nje

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo maana yake imegeuka juu chini bila wasemaji kushtuka, fungate lina nafasi yake ya pekee, kwa kuwa zamani lilitaja siku za kukaa ndani na leo linataja siku za kutoka. Asili yake ni hesabu. Kabla neno saba la Kiarabu halijaenea, lugha za Kibantu za pwani na za milima iliyo karibu nayo zilikuwa na maumbo mbalimbali ya neno fungate kwa ajili ya idadi hiyo, na hata sasa Wadigo na Wagiriama husema fungahe pale Mswahili anaposema saba, nao Wasambaa wa Usambara husema mfungate. Katika ndoa za pwani, fungate zilikuwa siku saba baada ya harusi ambazo bwana na bibi walibaki ndani, wakiletewa chakula na kuhudumiwa na somo, ambaye pengine huitwa kungwi, yaani mwanamke mzima aliyepewa kazi ya kumfunda bibi harusi mambo ya unyumba na kuhakikisha kwamba wawili hao hawasumbuliwi na mtu wala na kazi.

Kijana wa Tanga au Mombasa anaposema leo kwamba anakwenda fungate, hakuna anayeuliza nani atawapikia. Swali ni wanakwenda wapi na kwa siku ngapi, na jibu huwa Zanzibar, Diani, Arusha au, kwa wenye mfuko mzito, nje ya nchi. Siku zenyewe si lazima ziwe saba tena, na wengi hupata tatu tu. Mgeuko huu si jambo la kamusi peke yake, kwa sababu umekuja pamoja na fikra ambayo mababu wangeiona ngeni, kwamba mume na mke wanaweza kutembea pamoja, kupumzika pamoja na kupenda kwa pamoja mchezo, mapishi au upigaji picha, na kwamba wawili hao wana haki ya kujiondokea kwa muda hata kama hakuna msiba, harusi wala mgonjwa wa kumwendea.

Ugeni wa fikra hiyo huonekana vizuri zaidi mtu anapotazama jinsi starehe ilivyogawanywa katika miji ya Waswahili. Jioni ya mwanamume ilikuwa barazani, yaani kwenye kikao cha mawe au saruji kilichojengwa mbele ya nyumba, ambako watu walibarizi, maana yake walikaa kupunga upepo na kuzungumza, wakinywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo na kucheza bao, karata au dhumna. Jioni ya mwanamke ilikuwa uani, nyumbani kwa jirani, kwenye ngoma za lelemama na vugo, na hasa kwenye taarabu na harusi, ambako wanawake walitoka kwa sare na kukaa wao kwa wao mpaka usiku wa manane. Kila upande ulikuwa na raha yake kamili, na ni kosa kudhani kwamba mgawanyo huo ulikuwa wa huzuni. Kilichokosekana ni mahali pa wazi ambapo mume na mke walitarajiwa kustarehe wakiwa wawili.

Bustani ya Forodhani mjini Unguja, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ni mfano mzuri wa mahali pa namna hiyo palipozaliwa na mji wenyewe. Jua likizama, taa za meza za vyakula huwashwa, miwa hukamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, urojo, yaani mchuzi mzito wa rangi ya manjano unaotiwa bajia, viazi na chatne, humiminwa bakulini, na vijana wa mjini hupiga mbizi kutoka ukutani huku watu wakiwashangilia. Wanandoa wenye mtoto begani hukaa ukingoni mwa bahari, hatua chache kutoka kwa wazee waliohamishia baraza yao hapo, na hakuna anayewageukia kuwatazama. Gharama yake ni ya mlo tu, na pengine ndiyo sababu wenyeji huenda huko tena na tena ilhali mgeni huenda mara moja.

Safari nayo ilikuwa na kazi yake. Neno lenyewe limeingia katika lugha nyingi za dunia likiwa na maana ya kwenda kutazama wanyama, lakini kwa wenye lugha ni mwendo wowote wa mbali, na kwa kawaida ni mwendo wa wajibu: mtu alisafiri kwenda kwao. Mfano mashuhuri nchini Tanzania ni Wachaga, ambao kila Desemba huacha miji na kupanda mabasi ya Kilimanjaro kwa wingi kiasi kwamba watani wao husema wanakwenda kuhesabiwa. Nchini Kenya, mtu wa Nairobi husema anakwenda ushago, neno la mtaani lenye maana ya kijijini kwa wazazi. Hata Serikali imekuwa na mtazamo huo, kwa kuwa mtumishi wa umma wa Tanzania, ambaye kila baada ya miaka miwili hulipiwa nauli ya likizo yeye na mwenzi wake, hulipiwa ya kwenda nyumbani kwao na si ya kwenda kuona tembo. Kwa mke aliyeolewa karibuni, safari hizo ni za ukweni, ambako ataamka kabla ya wenyeji, atapika kwenye mafiga ilhali kwake anatumia gesi, na atapokea wageni waliokuja kumtazama. Ni safari za lazima na zina baraka zake, lakini kuziita mapumziko ni kumwonea.

Harusi yenyewe imekuwa mshindani wa fungate. Katika miji ya Tanzania, sherehe huandaliwa na kamati ya ndugu na marafiki ambayo hukusanya michango kwa miezi kadhaa, huchapisha kadi, hukodi ukumbi, mapambo, mshereheshaji na magari, na baada ya harusi hukutana mara moja zaidi kula na kunywa kilichobaki, hafla inayoitwa kuvunja kamati. Inastaajabisha kwamba chombo chenye uwezo wa kukusanya mamilioni ya shilingi kwa ajili ya usiku mmoja huvunjwa wiki ile ile ambayo wawili wanaanza kuhitaji fedha za maisha. Ni kamati chache zinazokumbuka kutenga nauli ya fungate, na si maharusi wachache wanaoamka Jumatatu wakiwa na seti nne za vikombe na deni la mpiga picha. Wanaofanikiwa kusafiri mara nyingi ni wale walioanza mapema kuweka akiba yao pembeni, kwenye kibubu, kwenye simu au katika mchezo, yaani upatu ambao wanachama huchanga kiasi sawa na kila mmoja hupokea fungu lote kwa zamu yake.

Kiswahili kimekuwa na neno la matembezi ya starehe tangu zamani, nalo ni mandari, yaani kutoka kwa kikundi kwenda mahali pazuri, shambani au ufukweni, pamoja na chakula na vyombo vyake, kushinda huko na kurudi jioni. Linafaa kufufuliwa, kwa sababu ni zuri kuliko pikiniki na lina harufu ya pilau ndani yake. Neno la jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda tu, nje ya kazi, limekuwa na bahati mbaya zaidi. Baadhi ya waandishi hutumia uraibu, ambalo zamani lilihusu mazoea kama ya tambuu, tumbaku au kahawa, lakini kwa kuwa watu wa afya wamelichukua neno hilo kwa ajili ya utegemezi wa dawa za kulevya, mwombaji wa kazi anayeandika kwamba uraibu wake ni kusoma na kuogelea anaweza kuelekezwa kliniki. Wasemaji wengi hulikwepa na kusema tu kwamba wanapenda jambo fulani, na labda hawakosei.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, mandari iliyo karibu zaidi na ile ya zamani ni ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vilivyomo katika maeneo tengefu ya bahari yaliyotangazwa mwaka 1975, maana yake sehemu za bahari zilizohifadhiwa ambazo uvuvi hauruhusiwi. Boti za Mbudya huondokea Kunduchi na huchukua chini ya nusu saa. Kisiwani hakuna kijiji. Kuna mchanga mweupe, mabanda ya makuti ya kukodi, na wapishi wanaomwonyesha mteja samaki mbichi kabla ya kumkaanga na kumleta pamoja na chipsi, ndimu na pilipili. Aliyezoea huangalia kwanza mwezi kabla ya kuangalia siku, kwa sababu wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya ufukwe wa asubuhi na wa mchana ni kubwa, na saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo ratiba iliyofaa Jumamosi iliyopita haitafaa Jumamosi hii. Wanandoa waliokwenda wawili mara ya kwanza, mara ya pili huonekana na mdogo wa mke, mpwa wa mume na ndoo ya wali wa nazi iliyofunikwa kwa kitambaa, kwa kuwa habari za boti hazifichiki katika ukoo. Hapo ndipo matembezi ya wawili yanapogeuka kuwa ya familia, na wanaolalamika juu ya hilo wakumbuke kwamba mandari haijawahi kuwa ya watu wawili.

Reli ya kisasa, inayojulikana zaidi kwa herufi SGR, imebadilisha hesabu za wanandoa vijana kuliko tangazo lolote la utalii. Reli ya kwanza ya kati, ambayo upana wake ni mita moja, ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Hii mpya, iliyo pana zaidi na inayotumia umeme, ilianza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na shilingi 31,000 hadi Dodoma. Treni hufikia mwendo wa kilomita 160 kwa saa na humfikisha abiria Morogoro kwa takriban saa mbili, ilhali basi, likikutana na foleni za Kimara na Kibaha, linaweza kuchukua nne au tano. Maana ya tofauti hiyo ni kwamba mume na mke wanaofanya kazi hadi Ijumaa wanaweza kutoka Jumamosi asubuhi, wakapanda mlima, wakala mchana na kulala kwao usiku ule ule, bila ya gharama ya hoteli.

Anayekwenda Morogoro akae upande wa kushoto. Baada ya kituo cha Ngerengere, milima ya Uluguru huanza kama kivuli cha buluu nyuma ya mashamba ya mkonge, kisha huongezeka kimo na rangi mpaka mikunjo ya mabonde yake ionekane, na wingu huwa limekaa juu yake hata siku ambayo Dar es Salaam inaungua kwa jua. Juu ya mji, kwenye mteremko wa mlima, ipo Morningside, nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, ambayo hufikiwa kwa miguu kwa njia inayopita katikati ya migomba na mashamba ya mboga ya Waluguru, ambao huteremsha mazao yao sokoni wakiwa wameyabeba kichwani. Kupanda huko ni kwa saa chache, na huonyesha upesi ni nani kati ya wawili aliyesema kweli kuhusu mazoezi yake. Wakenya wana safari yao ya namna hiyo tangu mwaka 2017, treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa, ambayo hupita Tsavo na kumwonyesha abiria tembo wenye rangi ya udongo mwekundu kupitia dirisha. Nauli yake ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024, na bado familia huifurahia safari hiyo.

Kuhusu hifadhi za wanyama, wengi bado wanaamini kwamba ni za wageni. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, inapitiwa katikati na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia kwa takriban kilomita 50, kiasi kwamba abiria wa basi huwaona twiga, swala na nyani bila ya kulipa chochote, wakati dereva akilazimika kupunguza mwendo kwa kuogopa faini ya kumgonga mnyama. Anayetaka kuingia ndani hulipa kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki, ambacho hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya kile anachotozwa mgeni wa mbali, ilimradi awe na kitambulisho. Gharama kubwa ni gari, na dawa yake inajulikana: jozi mbili au tatu za wanandoa hugawana gari moja. Nguo nyeusi na za buluu nzito ziachwe nyumbani, kwa kuwa mbung'o huvutiwa na rangi hizo.

Mapenzi ya pamoja ya nyumbani yana sura nyingi, na hayahitaji orodha. Mpira wa miguu unatosha kuonyesha jinsi yanavyofanya kazi, kwa sababu nchini Tanzania nyumba nyingi zina mtu wa Yanga, klabu ya mwaka 1935, na mtu wa Simba, ya mwaka 1936, chini ya paa moja. Mke wa zamani aliusikia mpira redioni kupitia kelele za mumewe. Wa leo huvaa jezi yake, huingia Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu wapatao 60,000, na timu yake ikishinda hudai siku tatu za kutoosha vyombo. Wengine wamejiunga na klabu za kukimbia za Jumamosi alfajiri, na kila mwaka baadhi yao hufika Moshi kwa mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, wakachagua ile ya kilomita tano ambayo mtu anaweza kuimaliza huku akizungumza.

Mtoto wa kwanza huvuruga mpango wote huu, na kwa muda humrudisha mama kwenye hali ya fungate ya kale. Kwa desturi iliyoenea pwani na hata bara, mzazi hukaa ndani siku 40, akikandwa kwa maji ya moto, akinyweshwa uji wa pilipili manga na kulindwa dhidi ya kazi, na baada ya arobaini ndipo yeye na mtoto hutoka. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku tatu kwa kawaida. Ya Kenya humpa mama miezi mitatu na baba wiki mbili, tofauti ambayo baba wa Tanzania ana haki ya kuionea wivu. Baada ya hapo matembezi huanza upya kwa kipimo kidogo: Kijiji cha Makumbusho, viwanja vya Sabasaba mwezi Julai, pembea za sikukuu ya Idd huko Unguja, ambako watoto hutoka na nguo mpya siku nne mfululizo. Mandari ya mtu mwenye mtoto wa mwaka mmoja hupimwa kwa saa za usingizi wa mtoto na umbali wa maji safi, na Mbudya huweza kusubiri.

Fedha, kwa hiyo, si kizuizi pekee, na pengine si kikubwa zaidi. Kilicho adimu ni siku ambazo wawili wako huru kwa pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi wa Tanzania siku 28 mfululizo za likizo kwa mwaka, sikukuu zikiwa ndani yake, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 hutoa siku 21 za kazi; lakini mwalimu hupumzika Juni na Desemba, muuguzi hupangiwa zamu, mwenye duka hafungi mwezi wa sikukuu, na mama lishe au dereva wa bodaboda hana likizo isipokuwa ile anayojipa mwenyewe kwa kukosa kipato cha siku hiyo. Ndoa nyingi za mjini zimemaliza miaka mitatu bila ya likizo mbili kukutana hata wiki moja, si kwa sababu ya ukali wa waajiri, bali kwa sababu kila mmoja alijaza fomu yake peke yake. Wanandoa ambao hawajawahi kuweka kalenda zao mbili kwenye meza moja waanze na hilo, kabla ya kuulizia bei ya boti au tiketi ya treni, na wafanye hivyo Januari, kwa kuwa ofisi nyingi hupanga likizo za mwaka mzima mwanzoni mwa mwaka.